Tuchague mji wa kuishi kwa vigezo gani: orodha za "miji bora" au mahitaji ya kaya yetu?

Mhasibu Mhamaji aliuliza:

Ndugu wanajukwaa,

Mwajiri wangu ana ofisi katika miji mitatu, naye amenipa hiari ya kuchagua mmojawapo kuwa kituo changu cha kudumu. Mji wa kwanza ni mji mkuu wenye mamilioni ya watu. Wa pili ni wa wastani, una chuo kikuu na hospitali ya rufaa. Wa tatu ni mdogo, uko kando ya bahari, na kila anayeutaja husifia utulivu wake. Mshahara wangu hautatofautiana sana kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Siendi peke yangu. Mke wangu ni muuguzi, na popote tutakapokwenda itabidi atafute kazi upya. Tuna watoto wawili, na mdogo wao ana pumu. Mama yangu, ambaye umri umesogea na anahudhuria kliniki ya shinikizo la damu, anaishi nasi na ataendelea kuishi nasi.

Kwa kuwa kazi yangu ni hesabu, nimeandaa jedwali lenye vigezo, uzito wa kila kigezo na alama za kila mji, nikitegemea zaidi orodha za kimataifa za miji inayofaa kuishi pamoja na viwango vinavyotolewa kwenye mitandao. Katika jedwali hilo mji mkuu unaongoza kwa mbali. Mke wangu alilisoma kwa makini, kisha akauliza ni wapi panapoonyesha atatokaje kazini zamu ya usiku ikiisha, na nani atakuwa na mama saa hizo. Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna safu yoyote inayohusu jambo hilo.

Ninaomba ushauri wa watu waliokwisha kulitafakari suala hili. Je, orodha hizi zina manufaa gani kwa familia kama yetu? Ni kigezo gani kitangulie, na kipi kinaweza kusubiri? Na je, tununue nyumba mara tutakapofika, au tupange kwanza?

---

Mpanga Miji alijibu:

Ndugu Mhasibu, swali la mke wako ndilo la msingi, lakini nitaanza na orodha zenyewe, kwa sababu watu wengi huzitumia bila kujua ziliandaliwa kwa ajili ya nani.

Orodha inayonukuliwa zaidi hutolewa kila mwaka na Economist Intelligence Unit, kitengo cha utafiti cha kampuni inayochapisha jarida la The Economist. Kwa sasa hupima miji 173 kwa makundi matano ya vigezo: utulivu na usalama hupewa asilimia 25 ya alama, huduma za afya 20, utamaduni na mazingira 25, elimu 10, na miundombinu 20. Utaona kwamba kodi ya nyumba, bei za bidhaa na viwango vya mishahara havimo. Gharama za maisha hupimwa na taasisi hiyohiyo katika uchunguzi mwingine kabisa. Havikusahaulika. Orodha ya namna hii, sawa na ile ya kampuni ya Mercer ambayo huupa mji wa New York alama 100 na kuilinganisha miji mingine nao, humsaidia mwajiri anayempeleka mfanyakazi nchi ya mbali kukadiria posho ya ugumu wa mazingira. Mfanyakazi wa aina hiyo mara nyingi hulipiwa nyumba na karo za watoto, na baada ya miaka michache huondoka. Ninyi mnakwenda kukaa, mtalipa kodi kutoka katika mishahara yenu, na mmoja wenu ataanza bila ajira. Wapimaji hawakuulizwa maswali yenu, kwa hiyo majibu yao hayawezi kuwa yenu.

Tazama pia jinsi nafasi zinavyopanda na kushuka. Melbourne ya Australia iliongoza orodha ya Economist Intelligence Unit miaka saba mfululizo, kuanzia 2011 hadi 2017, kisha Vienna ya Austria ikaishika nafasi ya kwanza mwaka 2018 na 2019. Mwaka 2021 Auckland ilipanda hadi kileleni na Vienna ikashuka hadi nafasi ya 12. Mwaka uliofuata Vienna ilirudi juu na Auckland ikateremka hadi nafasi ya 34. Mitaa, shule na hospitali za Auckland hazikuharibika ndani ya mwaka mmoja. Kilichotofautiana ni masharti ya janga la UVIKO-19: mwanzoni mwa 2021 New Zealand ilikuwa imeifunga mipaka yake na shughuli za ndani zikaendelea karibu kama kawaida, ilhali katika miji mingi ya Ulaya shule na kumbi za sanaa zilikuwa zimefungwa. Alama zilizoweza kubadilika kiasi hicho hazikuwa zikieleza tabia ya kudumu ya mji.

Hata pale ambapo sifa ya mji ni ya kweli na ya kudumu, liko swali ambalo orodha hailijibu: sifa hiyo itakufikia wewe lini, na kwa masharti gani? Vienna ni mfano mzuri. Tangu miaka ya 1920 manispaa ya mji huo imekuwa ikijenga nyumba za kupangisha kwa wingi, likiwemo jengo maarufu la Karl-Marx-Hof lililofunguliwa mwaka 1930, na leo karibu nusu ya wakazi wanaishi katika nyumba za manispaa au zilizojengwa kwa ruzuku. Jambo hilo hushusha kodi na kumpa mpangaji uhakika. Hata hivyo, anayeomba nyumba ya manispaa kwa kawaida hutakiwa kwanza awe ameandikishwa kuwa mkazi wa mji huo kwa miaka miwili, kwa hiyo mgeni huanzia kwenye soko la kawaida, ambako kodi ni kubwa zaidi. Katika miji mitatu uliyopewa, chunguza vivyo hivyo kila faida unayoitegemea: shule nzuri hupokea watoto wa mitaa ipi, bima ya afya huanza kumhudumia mtegemezi baada ya muda gani, na kliniki ya mama hupokea wagonjwa wapya au imejaa.

Sasa nije kwenye kigezo ambacho mimi ningekitanguliza, nacho ni muda wa kwenda na kurudi. Yacov Zahavi, aliyechunguza safari za wakazi wa miji mingi, na baadaye Cesare Marchetti katika makala yake ya mwaka 1994, walionyesha kwamba watu kwa wastani hutumia takriban saa moja kwa siku kusafiri, iwe kwa miguu, kwa treni au kwa gari. Chombo kikiwa cha kasi zaidi, watu huhamia mbali zaidi, na saa hubaki ileile. Huo ni wastani. Anayelazimika kuuzidi mara mbili au tatu huilipa tofauti hiyo kwa usingizi, kwa muda wa watoto na kwa afya. Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer wa Zurich walipochambua taarifa za kaya za Ujerumani waligundua kwamba watu wenye safari ndefu za kazini walikuwa na uradhi mdogo wa maisha kuliko wenzao, ingawa nadharia ya uchumi ilitabiri kwamba mshahara mkubwa au nyumba nzuri zaidi ingewafidia. Haikuwafidia. Matokeo hayo naona yanamhusu kila anayejiambia kwamba nyumba kubwa ya pembezoni itamsahaulisha foleni.

Kwa hiyo liweke kando jedwali kwa muda, uchukue ramani ya kila mji. Weka alama kwenye ofisi yako, kwenye hospitali zote zinazoweza kumwajiri mke wako, kwenye shule mnazoweza kuzimudu, na kwenye kliniki ya mama. Kisha tafuta mtaa ambao mnaweza kuumudu na ambao kutoka hapo safari hizo zote zinawezekana katika saa ambazo mtazifanya kweli. Nasisitiza saa, kwa kuwa mji unaosifiwa kwa mabasi yake mchana unaweza kukosa basi hata moja baada ya saa nne usiku, na muuguzi anayetoka zamu wakati huo hanufaiki na ratiba ya mchana. Mji usiokuwa na mtaa wa namna hiyo kwa uwezo wenu, uondoeni kwenye orodha, hata kama umeshika nafasi ya kwanza duniani.

---

Mama Mwalimu alijibu:

Mwanangu Mhasibu, nimesoma maelezo yako na ya Ndugu Mpanga Miji, nami nakubaliana naye kuhusu safari. Ninaloliongeza ni hili: katika jedwali lako watu hawamo.

Mwaka 1998 wanasaikolojia David Schkade na Daniel Kahneman walichapisha utafiti uliowahoji wanafunzi wa vyuo vikuu wa California na wa majimbo ya katikati ya Marekani. Makundi yote mawili yaliamini kwamba anayeishi California, yenye hali ya hewa ya kupendeza, angekuwa na furaha zaidi. Walipoulizwa kila mmoja kuhusu maisha yake mwenyewe, uradhi wa makundi hayo ulikuwa karibu sawa. Watafiti walieleza kwamba tunapolinganisha miji tunatazama zile tofauti zinazoonekana haraka, kama vile jua na bahari, na kuzipa uzito ambao hazitakuwa nao tukishazoea, kwa sababu mkazi hashindi siku nzima akiitazama bahari. Anashinda na kazi, watoto, ndugu na majirani. Basi utulivu wa mji wa tatu usikuvute, wala fahari ya mji mkuu isikuvute, kabla hujajua mtakuwa na nani huko.

Mzee akihamishwa hupoteza mengi kuliko kijana. Wewe utawapata wenzako ofisini wiki ya kwanza, na watoto watawapata wenzao shuleni, lakini mama yako ataamka asubuhi ninyi mkiwa mmeondoka, akiwa hamjui hata jirani mmoja. Uliza kama katika mtaa huo kuna mahali pa ibada anapoweza kufika kwa miguu, kama watu wa hapo wanazungumza lugha anayoielewa, kama njia ya waendao kwa miguu ni tambarare na ina mahali pa kupumzika, na kama nyumba ina ngazi. Mama asiyeweza kushuka ghorofa ya nne bila kushikwa mkono atakuwa anaishi ndani ya chumba, si ndani ya mji, hata kama mji huo una bustani nzuri kuliko zote.

Naomba pia mumwulize mwenyewe. Katika maelezo yako umemtaja mara mbili, na sikuona mahali ulipoandika maoni yake.

---

Mtakwimu alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Yote mliyoyasema juu ya mtaa na watu ni ya kweli, lakini naona mjadala unaelekea kuusahau mji wenyewe. Kuna mambo ambayo mtaa mzuri hauwezi kuyatengeneza, kwa sababu yanategemea ukubwa na uongozi wa mji mzima. Nitazungumzia mambo mawili.

La kwanza ni wingi wa waajiri. Mwaka 1890 mchumi Alfred Marshall alieleza kwamba mahali penye waajiri wengi wa fani moja humpa mfanyakazi soko la kudumu la ujuzi wake: akiachishwa na mmoja, yupo mwingine, bila kuhama. Kwa kaya yenye wafanyakazi wawili uzito wa jambo hili huongezeka maradufu. Dora Costa na Matthew Kahn walionyesha mwaka 2000 kwamba nchini Marekani wanandoa ambao wote wawili wana shahada walikuwa wakizidi kukusanyika katika miji mikubwa, na sababu kuu waliyoitoa ni ugumu wa kupata kazi mbili zinazofaa mahali pamoja. Mji mdogo wa pwani unaweza kuwa na hospitali moja tu. Ikimkatalia mke wako, au akikosana na msimamizi wake, atakwenda wapi? Nawe pia, ofisi ya mwajiri wako ikifungwa katika mji huo, je, wako waajiri wengine wanaohitaji mhasibu, au mtahama tena huku watoto wakiwa katikati ya masomo? Ningeiandika hesabu hii waziwazi: idadi ya waajiri wanaoweza kumwajiri kila mmoja wenu katika kila mji. Penye mwajiri mmoja kwa kila mmoja wenu pana hatari, hata kama leo nafasi zote mbili zimepatikana.

La pili ni hewa, maji na joto, na hapa nitakaa kidogo kwa ajili ya mtoto mwenye pumu. Kipimo cha kutafuta ni chembechembe laini zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mwaka 2021, baada ya ushahidi kuongezeka, lilikishusha kiwango hicho hadi 5. Ni miji michache sana inayokifikia, kwa hiyo usitafute mji usio na dosari, bali linganisha. Na unapolinganisha, usitosheke na wastani wa mji mzima. Angalia kituo cha kupimia kilicho karibu na mtaa unaoufikiria, na uangalie miezi mibaya zaidi ya mwaka, kwa kuwa wastani wa mwaka unaweza kuficha wiki kadhaa ambazo mtoto hatalala. Uchafu utokanao na magari hupungua sana mita mia chache tu kutoka barabara kuu. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kumpa mtoto wako hewa tofauti kabisa. Usidhani pia kwamba udogo wa mji ni uthibitisho wa usafi wake. Mji mdogo unaochoma taka na kuni, au wenye bandari yenye meli na malori, unaweza kuwa na hewa mbaya kuliko mkubwa, na unyevu wa pwani huleta ukungu kwenye kuta, ambao kwa mgonjwa wa pumu si jambo dogo.

Maji nayo yaulizwe kwa upana wa mji. Cape Town ni mji unaosifika kwa uzuri, lakini mwaka 2018, baada ya ukame wa miaka mitatu, wakazi wake walitakiwa wasizidishe lita 50 za maji kwa mtu kwa siku, na mji ukajiandaa kwa uwezekano wa kufunga mabomba ya majumbani. Waliuepuka mwisho huo kwa kubana matumizi na kwa mvua zilizorejea. Uliza maji ya kila mji yanatoka wapi, kama chanzo ni kimoja au ni vingi, na kama eneo unalolitaka liko bondeni ambako mafuriko yamewahi kufika. Kuhusu joto, kipo kipimo kinachoweza kutumiwa na mtu yeyote, kilichopendekezwa mwaka 2021 na Cecil Konijnendijk: kutoka nyumbani uone angalau miti mitatu, mtaa uwe na kivuli cha miti kwenye asilimia 30 ya eneo lake, na bustani ya umma isiwe mbali zaidi ya mita 300. Mtaa wa namna hiyo huwa na joto dogo kuliko ule wa saruji tupu, na mzee mwenye shinikizo la damu huliona joto kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani.

Kwa mtazamo wangu, mji mkuu bado haujaondolewa na hoja zilizotolewa. Umewekewa masharti tu.

---

Dada Mpangaji alijibu:

Nitajibu swali la mwisho pekee. Pangeni kwanza, na msinunue mpaka mmeishi huko kipindi kizima cha mwaka, pamoja na msimu wake mbaya. Kununua kunaambatana na ada, ushuru na gharama za wanasheria ambazo hazirudi mkiamua kuuza mapema, na zaidi ya hapo, mwenye nyumba yake hulivumilia kosa la mahali kwa miaka mingi kwa sababu kulirekebisha ni ghali. Mpangaji hulirekebisha mkataba unapoisha.

Katika kupanga bajeti, mtasikia kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya mapato. Kanuni hiyo ilienea kutokana na sheria za nyumba za umma za Marekani: mwaka 1969 mpangaji wa nyumba hizo aliwekewa kikomo cha asilimia 25 ya mapato yake, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Ni kikomo kilichowekwa na watunga sheria kwa wapangaji fulani, na hakielezi chochote kuhusu nauli. Kituo cha Center for Neighborhood Technology cha Chicago kilipendekeza hesabu ninayoiona kuwa ya haki zaidi, yaani kodi na usafiri vijumlishwe na visizidi asilimia 45. Ukihesabu hivyo, nyumba ya bei rahisi iliyo mbali, inayowalazimisha kuwa na magari mawili, mara nyingi huonekana kuwa ghali kuliko ndogo iliyo karibu. Nanyi mhesabu kwa mshahara mmoja, kwa kuwa hamjui mke ataajiriwa lini.

Kabla ya kusaini, nendeni mkauone mtaa saa za asubuhi watu wakienda kazini, na tena usiku. Msikilize kelele madirisha yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa. Fungueni mabomba, nuseni kuta nyuma ya makabati kwa ajili ya ukungu uliotajwa na Mtakwimu. Mkiweza kuzungumza na mpangaji anayeondoka, mwulizeni kwa nini anaondoka. Yeye hana cha kuwauzia. Katika mkataba, someni kwa makini kifungu cha kupandisha kodi, muda wa notisi kwa pande zote mbili, na masharti ya kurudishiwa amana. Kama kodi inaweza kupandishwa wakati wowote na kwa kiasi chochote, basi hesabu yote niliyoieleza hapo juu haina nguvu.

---

Mhasibu Mhamaji aliandika tena:

Ndugu zangu, nawashukuru, na Mwalimu, shikamoo. Tumemwuliza mama. Alisema bahari haimhusu, anachotaka ni kuweza kwenda kuabudu bila kusubiri apelekwe, na daktari asiyembadilikia kila mwezi.

Tumefanya kazi ya ramani na tumehesabu waajiri. Mji wa pwani tumeuondoa, kwa kuwa una hospitali moja na ofisi yangu ndiyo ofisi kubwa pekee ya fani yangu. Katika mji mkuu waajiri ni wengi, lakini kwa kodi tunayoweza kuimudu kwa mshahara mmoja hatukupata mtaa hata mmoja ambao kutoka hapo mke wangu angefika hospitalini kwa chini ya saa moja na nusu alfajiri, na mitaa yenye nafuu ya kodi iko kando ya barabara kuu. Mji wa wastani una hospitali ya rufaa, hospitali mbili nyingine na kliniki kadhaa, na kwa upande wangu kuna chuo kikuu na kampuni za kutosha. Tunaelekea huko.

Limebaki swali moja. Ofisi yangu iko upande wa mashariki wa mji huo na hospitali ya rufaa iko magharibi, na hatuwezi kuwa karibu na vyote viwili. Tuelekee upande upi?

---

Mpanga Miji alijibu:

Elekeeni upande wa hospitali. Saa zako za kazi ni za mchana na hazibadiliki, kwa hiyo usafiri wa umma utakutosha; zamu za mke wako zitaangukia saa ambazo usafiri huo ni mchache au haupo. Hospitali hiyo pia huenda ndiyo itakayompokea mtoto usiku pumu ikimzidi, na huenda ndiko kliniki ya mama itakakokuwa. Safari yako itakuwa ndefu zaidi kuliko za wengine wote nyumbani, nami sioni njia ya kuikwepa, ila uliza ofisini kama unaweza kuanza kazi saa moja mapema ili uitangulie foleni.

Ndani ya upande huo, mtafute mtaa wa nyuma ulio mbali na barabara zinazoingia hospitalini, kwa ajili ya hewa na pia kelele za magari ya wagonjwa, na muangalie kama mahali pa ibada pa mama panafikika kwa miguu yake yeye, si yako. Mkataba wa nyumba msiusaini kabla mke wako hajapata barua ya ajira mkononi, kwa kuwa zipo hospitali tatu katika mji huo na huenda atakayoajiriwa isiwe ya rufaa. Ikiwa hivyo, rudieni ramani upya kutoka hapo atakapokuwa.